Dole la Jirani

Siku ya tisini na nne ya eda yake, Tabu aliomba sukari ndani ya nyumba yake mwenyewe akapewa vijiko viwili. Aliyevipima ni wifi yake, Sharifa. Alivipima taratibu, akakikung'uta kijiko ukingoni mwa kopo, akalirudisha kopo stoo, kisha akafunga mlango wa stoo kwa ufunguo ambao siku hizi ulishinda kwenye pindo la kanga yake. Akarudi kuketi mkekani karibu na mlango wa mbele, mahali pake tangu Thabiti, mume wa Tabu, alipozikwa, akaendelea kuchambua choroko.

"Chai ya mfiwa haitaki utamu mwingi," alisema, na hakuna aliyemuuliza.

Sharifa alikuwa dada wa marehemu, baba mmoja mama mmoja. Alikuja kutoka Mtwara mjini kwa ajili ya maziko, akasema atabaki kumliwaza wifi yake, na majirani wakamsifu sana. Wiki za mwanzo Tabu naye alimshukuru kwa dhati, maana mtu aliyefiwa hajui hata chumvi iko wapi. Lakini siku zilivyokwenda, funguo nazo zilihama mmoja mmoja kutoka msumarini kwenda kwenye ile kanga. Ulianza wa stoo, ukafuata wa sanduku, mwisho ukaenda wa chumba cha pampu ya kupulizia dawa mikorosho. Tabu aliketi ndani na nguo zake nyeupe, akizungumza kwa sauti ya chini kama inavyotakiwa, akaziona funguo zinahama na akaona haya kuuliza.

Mchana huo binti yake, Latifa, aliingia akihema. Latifa alikuwa na miaka ishirini na tatu, fundi cherehani kule Shangani, Mtwara mjini, na tangu msiba alikuwa anakuja kijijini Kitaya kila alipopata nafasi.

"Mama, wapimaji wamefika. Wapo ofisi ya kijiji. Wanapima mashamba yote na kutoa hati za kimila. Upande wetu ni Alhamisi."

Mikono ya Sharifa ilisimama juu ya ungo.

"Tunajua," alisema. "Asadi wangu anakuja kesho. Yeye ndiye atakayesimama mpakani."

"Asimame kwa niaba ya nani, shangazi?"

"Kwa niaba ya ukoo. Kwani wewe ulidhani shamba la nani?"

Shamba lenyewe liliitwa Kwa Chilumba, na habari zake zilijulikana Kitaya nzima. Chilumba ndiye aliyelifyeka. Alipokufa hakumwachia mwanawe, alimwachia mpwa, mtoto wa dada yake. Mpwa naye akamwachia mpwa wake, na yule akamwachia Thabiti. Kwa watu wa huku mrithi wa kuaminika ni yule aliyetoka tumboni mwa dada. Wanaume wanne walilishika shamba hilo, na hata siku moja halikutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Wake zao waliondoka eda ilipoisha, kila mmoja na mkeka wake kichwani.

Tabu hakuwa na ugomvi na sehemu ya juu, penye mikorosho ya kizee na makaburi ya wajomba. Hiyo alijua si yake. Lakini bondeni palikuwa pori la miiba na nguruwe wakati Thabiti anamwoa. Walilifyeka wao wawili kwa misimu mitano, wakapanda mikorosho mia mbili na kumi, na mwaka mvua ilipogoma yeye ndiye aliyeibebea maji kutoka mtoni, ndoo baada ya ndoo, na mimba ya Latifa tumboni. Nyumba waliijenga huko huko. Na hata wazee wa ukoo wa Chilumba, wakali kama walivyo, hawakuwahi kubisha kwamba mti ni wa aliyeupanda. Kwa hiyo siku zote tisini na nne Tabu aliamini kwamba juu wangechukua wenyewe, na bondeni angebaki yeye na mwanawe.

*

Asadi alifika kwa bodaboda, amebeba tende kilo mbili. Alikuwa dalali wa viwanja mjini, mwanamume wa miaka thelathini na tano, mwenye maneno laini na viatu vilivyopigwa rangi. Kwa kuwa mwenye eda haonani na mwanaume asiye maharimu wake, alibaki barazani na Tabu akabaki ndani, na pazia la mlango likawa katikati yao. Tabu aliona viatu tu.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

Mkaza mjomba ni mke wa mjomba. Tabu alikuwa akiitwa hivyo na Asadi tangu kijana huyo hajaota meno ya mbele.

"Marahaba, baba. Habari za mjini?"

"Njema, twamshukuru Mungu. Mkaza mjomba, mimi sikuja kwa shari. Nataka ujue kwamba hakuna anayekufukuza. Utakaa hapa mpaka eda yako iishe. Hata ukitaka mwezi mmoja juu yake, kaa, ni kwako."

"Ni kwangu kwa mwezi mmoja?"

Viatu vilisogea kidogo. "Nasema kwa heshima. Unajua utaratibu wa kwetu."

"Naujua. Juu chukueni. Mimi nasema bondeni, Asadi. Mjomba wako na mimi tumepanda ile miti kwa mikono. Wewe mwenyewe ulikuwa unakuja likizo unatuletea maji ya kunywa."

"Sikatai. Lakini bondeni kuna kaburi la mjomba."

Tabu hakuelewa mara moja. Kaburi lile alilijua kuliko mtu yeyote, maana alilitazama kila asubuhi kutoka dirishani. Siku ya maziko wachimbaji walikuwa wameshashika njia ya kwenda juu kwenye makaburi ya wajomba. Ni yeye aliyetuma ujumbe kutoka chumbani kwamba Thabiti azikwe chini, katikati ya mistari ya miti aliyoipanda, ili yeye asikae miezi minne na siku kumi bila kumwona. Alitegemea ubishi. Sharifa hakubisha hata kidogo. Alisema, "Wifi yangu anampenda kaka yangu, mpeni anachotaka," na watu wakatokwa na machozi.

"Wazee walimwaga unga pale," Asadi aliendelea kwa upole. "Waliita majina ya wajomba wote, mpaka Chilumba. Pakishamwagwa unga wa ukoo na kuzikwa mwenye shamba, ardhi hiyo ni ya ukoo. Hilo si langu mimi. Muulize mzee yeyote."

Hakuhitaji kuuliza. Alikuwa mtoto wa huku huku, na jambo hilo alilijua tangu ananyonya. Alilisahau siku moja tu, siku aliyofiwa na mume, na siku hiyo moja ilitosha. Kwa mapenzi yake mwenyewe alikuwa ameutoa mkono wa ukoo juu akauleta mpaka mlangoni kwake. Alijichukia hapo alipokaa, akajiona mjinga kuliko wajinga wote wa Kitaya.

"Na ukishaandikwa jina, utalima wewe?" alimuuliza.

"Mimi kazi yangu ipo mjini. Kuna bwana mmoja analitaka bonde lote, ana mradi wa ufuta. Ni mtu safi, anamcha Mungu."

"Ufuta hauoti chini ya mikorosho."

"Ile ataing'oa. Imeshazeeka, mkaza mjomba."

"Ina miaka ishirini na minne, Asadi! Ndiyo kwanza inazaa!"

"Sauti, wifi," Sharifa alisema kutoka mkekani. "Uko edani."

*

Jioni Latifa alirudi kutoka ofisi ya kijiji na majibu. Alimvuta mama yake chumba cha ndani, wakanong'ona kama wezi wakati nyumba ni yao.

"Wanataka mambo mawili. Mwenye kudai eneo awepo mwenyewe, kwa miguu yake. Hawapokei mtu wa kutumwa. Nimewaambia uko edani, yule dada mpimaji amesema anasikitika lakini fomu haina sehemu ya kuandika hivyo. La pili, kila jirani anayepakana naye atie dole gumba kwamba anamtambua. Jirani mmoja akigoma, wanaandika mgogoro na hati haitoki, na eneo linabaki kwa jina la aliyekuwa nalo. Maana yake ukoo."

"Na sheikh?"

"Nimemuuliza kama ulivyonituma. Amesema kwa dharura ya mali yako unaruhusiwa kutoka mchana, mradi urudi kabla jua halijazama. Ila amesema, watu hawatamuuliza yeye, watasema tu."

"Waache waseme." Tabu alishusha pumzi. "Ukiondoa ukoo tunaoshindana nao, bondeni tunapakana na wawili."

"Mjomba Hemedi."

"Na Bi Zawadi," Tabu alisema, na akakiweka kikombe chini.

Hemedi alikuwa kaka yake Tabu, na Latifa alipokwenda kumwita, kwa kuwa ni ndugu wa damu aliingia mpaka ndani, akaketi kwenye kigoda. Kila Ijumaa ya eda alikuwa amemletea dada yake samaki wa mtoni, hakukosa hata moja. Shamba lake lilianzia pale la Tabu lilipoishia upande wa magharibi, na alisikiliza mkasa wote huku akisaga meno.

"Dole langu lipo, hilo usilale ukiliwaza," alisema. "Bwege gani ataniambia dada yangu hakupanda ile miti? Mimi niliiona. Tatizo ni yule bibi."

"Atakubali?"

"Kwa lipi la kumfanya akubali?"

Wote wawili walijua kisa chenyewe.

Shamba la Hemedi lilikuwa la mjomba wao, na Zawadi alikuwa mke wa mjomba huyo. Mjomba alipokufa, miaka kumi na tisa iliyopita, Zawadi alikaa eda, na ndugu wa marehemu aliyekwenda kumliwaza alikuwa Tabu. Tabu ndiye aliyeketi mlangoni. Tabu ndiye aliyeshika funguo za mkaza mjomba wake, akampimia unga, akampimia mafuta ya taa. Alifanya hivyo kwa sababu alitumwa na wakubwa, na tuseme kweli, kwa sababu kushika funguo za mwenzio kuna utamu wake. Eda ilipoisha Zawadi alipewa mkeka, sufuria mbili na kuku, na shamba akakabidhiwa Hemedi. Watoto wa Zawadi walitawanyika, mmoja Newala, mwingine ng'ambo ya mto, Msumbiji. Mwanamke alikuwa hana pa kwenda mpaka Thabiti, bila kumuuliza mtu, alipomwonyesha kichaka mpakani mwa bonde akamwambia akisafishe ajenge.

Amekaa hapo tangu wakati huo. Kila asubuhi alimsalimu Tabu, na Tabu alimwitikia, na hakuna kati yao aliyewahi kuligusa jambo lile hata kwa mbali. Mwanzoni Tabu alijiambia kwamba ndiyo desturi, hakuna aliyekosa. Sasa alikuwa anakunywa chai ya vijiko viwili, na maneno hayo hayakumpa usingizi tena. Aliona aibu, aibu kubwa, ya kumfanya ajifunike uso akiwa peke yake.

"Latifa," alisema mwishowe, "nenda kwa Bi Zawadi. Mwambie Alhamisi wanapima. Mwambie namwomba awepo."

Latifa hakukawia kurudi.

"Amesema atakuwepo."

"Hakusema kingine?"

"Ameniuliza kama nimekula. Kanipa mhogo."

Hemedi alitikisa kichwa. "Hilo sasa," alisema, "ndilo linalonitisha."

*

Alhamisi asubuhi Tabu alioga, akavaa nguo nyeupe safi, akajitanda mpaka kwenye nyusi. Alipofika mlangoni, Sharifa alikuwa amesimama katikati yake, mkono huku na mkono kule.

"Unakwenda wapi?"

"Mpakani."

"Na kaka yangu bado mbichi kaburini? Wewe una siku tisini na saba tu! Unataka kijiji kiseme Thabiti alioa mwanamke gani?"

"Sheikh ameruhusu."

"Sheikh hakukaa na wewe miezi mitatu hapa. Nimekaa mimi. Nimekupikia, nimekufulia!"

"Umenifungia na stoo yangu, wifi," Tabu alisema. Sauti yake haikuwa ya chini tena. "Nakushukuru kwa ya kupika. Sasa nipishe."

Sharifa hakupisha. Tabu alimsogelea mpaka vifua vikakaribia kugusana. Kisha Tabu akageuka, akapitia mlango wa uani, akazunguka nyumba yake mwenyewe kama mgeni aliyekosa hodi, na Latifa nyuma yake. Watu wawili waliokuwa wanachota maji walimwona, mmoja akashika mdomo.

Mpakani watu walikuwa wamejaa zaidi ya ilivyohitajika. Kamati ya kijiji ilikuwepo, mwenyekiti wa kitongoji na miwani yake yenye uzi, Asadi na viatu vyake, Hemedi, na mpimaji kutoka mjini, binti aliyeitwa Irene, amevaa buti za mvua na ameshika kishikwambi. Minong'ono ilipita Tabu alipotokea na nguo za eda kati ya mikorosho. Mwenyekiti alikohoa.

"Bi Tabu, sisi hatukutegemea..."

"Nimekuja, mwenyekiti. Niandikeni kwamba nimekuja."

"Andika," Irene alisema, akijiambia mwenyewe, na akaandika. "Sasa tunasikiliza. Nani anadai eneo hili?"

Asadi alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alimtaja Chilumba na wote waliomfuata. Alinyoosha mkono kuelekea kaburi, ambalo lilionekana vizuri kabisa na mawe yake meupe. Aliwaita wazee wawili wakathibitisha kuhusu unga. Kisha akamaliza, "Na aliyechagua mahali ni mkaza mjomba mwenyewe. Kama alijua bonde ni lake, kwa nini alituita tumwage unga?"

Vichwa vingi vilitikisika kukubali. Irene alimgeukia Tabu.

"Mama, ni kweli ulichagua wewe?"

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

Tabu alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, na yote yakamtoka kichwani. "Nilitaka niwe namwona," alisema.

Hata Asadi alitazama chini. Lakini huruma haiandikwi kwenye fomu, na Irene, aliyekuwa na mashamba mengine sita siku hiyo, alifunua ukurasa.

"Majirani. Magharibi?"

Hemedi alipiga hatua mbele, akasema alichokiona, kwamba dada yake na shemeji yake walifyeka, walichimba, walipanda. Akakandamiza dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi kwa nguvu utadhani anaua mdudu.

"Mashariki?"

Bi Zawadi alikuwa ameketi kwenye gogo nyuma ya watu. Alinyanyuka kwa kusaidiwa na fimbo, mdogo, amefunga leso kichwani, akaja mpaka mbele ya meza. Hakuitazama karatasi. Alimtazama Tabu.

"Kabla sijatia dole nina swali," alisema. "Si kwako, ntoto wa njini. Kwa huyu hapa."

"Uliza, bibi."

"Kule anakolima kaka yako, nyuma ya kisima, kuna nkorosho mia moja na sitini. Nani kaipanda?"

Watu walisikika wakivuta pumzi. Hemedi aliruka.

"Hayo hayahusiani! Leo tunapima hapa!"

"Kwako hayahusiani," Bi Zawadi alisema bila kupandisha sauti. "Dole ni langu. Nimekaa miaka kumi na tisa sijauliza ntu. Leo nnauliza."

Irene alitazama saa yake, akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama juu ya miti. Hakuna aliyetaka kuliingilia.

Tabu alimtazama kaka yake. Alimwona vizuri sana asubuhi ile, mvi za ndevuni, shati aliloshona Latifa. Huyu ndiye aliyempelekea samaki. Huyu ndiye mlango pekee ambao angebisha kama bonde lingemponyoka. Hemedi alimsogelea akamnong'oneza, lakini kwa hasira mnong'ono ulisikika mpaka kwa kamati.

"Tabu, fikiri. Mimi sina dada mwingine. Kule nikifa ni kwa mwanao. Sema ni ya mjomba. Maneno mawili tu."

Latifa, aliyetajwa, alisimama kando ya mama yake, akatikisa kichwa taratibu. Tabu hakujua kama mwanawe alikuwa anamwambia asiseme, au anamwambia asimsikilize mjomba wake. Hakumuuliza. Hilo lilikuwa lake yeye kulibeba.

Angeweza kusema ni ya mjomba. Bi Zawadi angenyanyua fimbo yake na kurudi kwenye gogo, mgogoro ungeandikwa, na Asadi angemletea mtu wake wa ufuta. Angeweza pia kusema hajui, kwamba alikuwa mtoto. Lakini alijua, na yule bibi alijua kwamba anajua. Ndiyo maana aliuliza mbele ya watu.

"Ni wewe," Tabu alisema.

"Sisikii."

"Ni wewe uliyepanda, mkaza mjomba!" Neno hilo lilimtoka baada ya miaka kumi na tisa. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilikushikia kamba ya kunyooshea mistari. Mjomba alikuwa Msumbiji mwaka huo, hakushika hata jembe. Uliipanda wewe peke yako. Na alipokufa tulikunyang'anya, mimi na kaka yangu. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni kwako. Unga wako niliupima mimi."

Alitaka kuendelea kusema, akaomba radhi, lakini machozi yalimzidi akajifunika kwa mtandio. Alilia kwa kelele, mwanamke wa eda katikati ya kamati ya kijiji, na hakujali tena kijiji kitasema nini.

Hemedi alikuwa amegeuka rangi. Alimwendea Irene.

"Futa dole langu."

"Haifutwi, mzee. Ukiwa na pingamizi unaandika barua, unapeleka ofisi ya kijiji."

"Nimesema futa!"

"Mzee, ni wino."

Hemedi alimgeukia dada yake. Watu walitegemea atukane, na pengine ingekuwa nafuu. "Usinitumie mtoto wako tena," alisema tu, na akashika njia ya kwake, akiwapita watu bila kumwambia yeyote samahani.

Bi Zawadi hakumtazama akiondoka. Alishika ncha ya meza, akasema kwa wote. "Huyu nke alipanda. Mimi nilikuwa kule kwa nume wangu wakati huo, nilikuwa nnamwona anapita na ndoo na ntoto tumboni. Nikasema, huyu ataangusha mimba. Hakuangusha, wala nkorosho haikufa. Bonde ni lake. Kaburi ni la aliyelala, liachwe lipumzike."

Akatia dole.

Asadi alianza kupinga kuhusu unga, lakini Irene alikuwa ameshaanza kuongea na mwenyekiti. Walikubaliana kwamba kaburi litatengwa, hatua kumi kila upande, liandikwe la ukoo, na njia ya kwenda kulizuru iachwe wazi. Lililobaki liliandikwa kwa majina mawili, la Tabu na la Latifa. Asadi alisema hawajamalizana, wataonana baraza la ardhi. Alisema kwa heshima ile ile, lakini safari hii hakumwita mtu yeyote mkaza mjomba.

Sharifa alikuwa amefika katikati ya mambo, akasimama mbali chini ya kivuli. Sasa alikuja, akafungua pindo la kanga, akaziachia funguo zote zikaanguka mchangani miguuni mwa wifi yake. "Eda yako imalize mwenyewe," alisema, akamfuata mwanawe. Tabu aliinama mbele ya kamati nzima akaziokota. Mmoja ulikuwa umezama, ikabidi auchimbue kwa vidole.

Watu walianza kutawanyika. Irene alikuwa anakunja meza, na vijana wa kamati wanabeba vigingi. Bi Zawadi alikuwa bado hapo hapo, anapangusa wino wa dole kwenye shina la mkorosho, kwa makini, kidogo kidogo.

"Binti," aliita, "kesho nyie nnapima wapi?"

Irene alitazama kishikwambi. "Kesho... magharibi. Tunaanza na kwa mzee Hemedi."

Bi Zawadi aliitikia kwa kichwa, akamgeukia Tabu. Macho yake hayakuwa na ukali wala upole. Yalikuwa yanangoja.

"Jua likitoka nitakupitia," alisema. "Na mimi nataka shahidi."

Tabu alikaza mtandio wake kichwani.

"Njoo kabla halijatoka," alisema. "Hemedi huamka mapema."